Fundi Aliyesubiri Gari Lizimike

Kwa miezi mitano swali moja liliniondolea usingizi, na halikuwa kama nilikosa au sikukosa. La kukosa nilikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza. Swali lilikuwa hili: je, Fundi anajua kwamba ule waya niliuweka mimi? Nikishalizungusha hilo mpaka likachakaa, lilikuja la pili, baya zaidi: je, anaamini kwamba aliuweka yeye?

Kituo cha afya cha kanisa letu hapa Baraka kina jeep moja ya dizeli, ya zamani, inayoleta wagonjwa kutoka Fizi, Lweba na vijiji vya katikati. Mimi ndiye msichana wa lojistiki: funguo, mafuta, matairi na ripoti vinapita mikononi mwangu. Jeep hiyo ilishika moto njiani kwa sababu ya waya mmoja. Ripoti niliandika mimi. Aliyelaumiwa ni Fundi, na baada ya hapo hakuna aliyempelekea gari tena. Ripoti yangu haikuwa na sentensi hata moja ya uongo. Ilihitaji ustadi kuiandika hivyo, na huo ustadi unanitia aibu kuliko kitu chochote kingine nilichotoka nacho chuoni Bukavu.

Watu wa Baraka wakimtaja Fundi wanaanza na ukali wake. Mimi naanza na kukaa kwake.

Ukimletea gari lenye ugonjwa wa kuja na kuondoka, yaani taa zinazokufa leo na kesho zinawaka zenyewe, au injini inayozimika njiani kisha baada ya dakika kumi inakubali kama vile haikufanya kitu, aliuliza kwanza: "Sasa hivi iko natembea?" Ukisema ndiyo, hakufungua boneti. Alifungua mlango wa abiria, akaketi, akaweka mfuko wake wa vyombo katikati ya miguu.

"Tuende."

"Wapi, Fundi?"

"Kwenye ulikuwa naenda."

Akaenda nawe. Alikwenda sokoni na wenye magari, alikwenda kwenye matanga, alikwenda kuchukua saruji. Mara moja gari la mwalimu mmoja lilimfikisha hadi Fizi kwenye mazungumzo ya mahari. Fundi alibaki garini nje ya uzio saa tatu nzima, macho kwenye dashibodi. Wenyeji wakaona mzee ameachwa peke yake, wakadhani ni baba mkubwa wa bwana arusi amekasirika. Wakamletea ugali na samaki, kisha wakaja watu wawili wenye heshima zao kumbembeleza aingie aseme neno. Aliwajibu akitafuna: "Mi niko hapa ju ya taa ya kushoto."

Alikuwa na maneno mawili yaliyomharibia biashara kuliko ukali wake wote: "Sijue bado." Ukimuuliza gari lina nini, hilo ndilo jibu, siku ya kwanza na siku ya sita. Na watu wetu hawapendi fundi asiyejua. Pale karibu na maegesho ya motari, yaani waendesha pikipiki, kuna vijana wanaojua kabla hujazima injini. "Ni alternata!" anasema mmoja. "Ni batri, huoni?" anasema mwingine. Wanabadilisha kitu cha kwanza, cha pili, cha tatu, na siku moja ugonjwa unapumzika wenyewe, wanashukuriwa. Nimeona watu wakipita mbele ya karakana ya Fundi wakimwangalia kwa huruma, kisha wanaenda kudanganywa kwa sauti ya kujiamini. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na sijaona tunalodai kwa mafundi, kwa wachungaji au kwa wakubwa wetu zaidi ya ile sauti.

Hao vijana walikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa, na jina lake ni direkti. Kama mahali fulani hapafikiwi na umeme kila wakati, wewe usitafute kwa nini. Chukua waya mpya, uutoe kwenye betri, uupeleke moja kwa moja pale. Gari linatembea, mwenye gari anafurahi. Fundi akikuta direkti ndani ya gari alitema mate chini kabla ya kusema neno. Aliniambia kwamba direkti ni kumfunga mgonjwa mdomo asiseme panapouma.

Yeye, badala ya direkti, alining'iniza balbu. Tatu, ndogo, za taa za nyuma, zimefungwa kwenye dashibodi kama shanga. Kwenye dizeli ya zamani, alinieleza, injini ikishawaka inahitaji umeme mahali pamoja tu: kwenye kizibo kidogo cha pampu, kinachofunguka ili mafuta yapite. Umeme ukikatika pale kwa kupepesa jicho, injini imekufa. Basi balbu ya kwanza aliiunga kabla ya ufunguo, ya pili baada ya ufunguo, ya tatu kwenye kizibo chenyewe. Halafu akaketi kusubiri. Siku gari litakapozimika ataona ni balbu ipi imezimika nalo, na hapo hakuna tena cha kubishana. Kazi yake yote ilikuwa hiyo: kuwapo wakati jambo baya linatokea, macho wazi.

Sikuwa mwanafunzi wake. Hakutaka mwanafunzi. Nyumba ya mama yangu iko nyuma ya karakana yake, na tangu shule ya msingi nilikuwa nasimama pale nikitoka masomoni, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuogopa kila kitu na pale hakuna aliyeniuliza chochote. Akazoea kuniona. Miaka ikapita, siku moja akanitupia vipande viwili vya waya: "Unga." Nilivisokota pamoja kama anavyofanya kila mtu. Akavivuta, vikaachana. Akanionyesha wake. Alikunja ncha ya kila waya mara mbili, akazipachika moja ndani ya nyingine kama vidole viwili vilivyoshikana, akabana kwa koleo mpaka vikalala bapa, kisha akazungusha utepe mweusi akianzia mbali, kwenye plastiki nzima. Mkunjo huo mafundi wote wa Baraka waliujua. Wakiukuta ndani ya gari la zamani waliuruka, wakatafuta kosa mahali pengine. Nilikunja mpaka vidole vikaota malengelenge. Hakunisifu. Alisema tu, "Sasa haitoke," akaendelea na kazi yake.

Niliporudi kutoka Bukavu na diploma ya umeme, alianza kuniita Injeniere, kwa namna ambayo sikujua kama ni heshima au tusi.

"Injeniere, kule bamekufundisha nini ju ya kosa yenye iko naenda na kurudia?"

Nilifikiri. "Hakuna kitu, Fundi."

"Basi bamekufundisha magari yenye imekufa tu. Ile ata mutoto anaweza."

Siku nyingine aliniona nimesimama na ufunguo mkononi mbele ya jenereta ya kituo, nikihesabu moyoni kila kinachoweza kuharibika. Sijui nilisimama muda gani. Akasema: "We iko unafikiri sana. Ile si mubaya. Mubaya ni kufikiri mu kichwa. Fikiri mu waya." Yaani ukiwa na shaka, itundikie balbu. Nililielewa neno hilo vizuri kabisa, nikaliandika hata kwenye daftari, na lilipofika wakati wake halikunisaidia.

Lakini nisimpake mafuta. Alikuwa mtu mgumu, mara nyingi bila sababu. Kila Jumapili alikuwa kanisani, benchi la mwisho, akiimba kwa sauti kubwa mbovu iliyowapoteza wanakwaya, na kanisa hilohilo lilipomwomba atazame kipaza sauti aliwafukuza akiwaambia wamwombe yule wanayempigia kelele. Akitetemeka kwa malaria alisema "niko muzima" mpaka anaanguka. Alimwita shofera wetu, dereva wa jeep, punda mbele ya watu kwa sababu ya betri iliyofungwa ovyo, naye shofera ni mtu mzima, baba wa watoto sita.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo sikuliona uzito wake mapema. Mtu huyu aliyesema "sijue bado" bila aibu yoyote hakuweza kusema "nilikosa". Mwaka mmoja alishikilia kwa wiki nzima kwamba gari la mfanyabiashara fulani lina kosa kwenye ufunguo. Kosa likaonekana kwenye mase, yaani pale waya wa kurudi unapofungwa kwenye chuma cha gari, kutu imeingia. Alilitengeneza, akalirudisha, na hakumsemesha yule mtu mwaka mzima. Hakuwa amemkasirikia. Kutokujua kwake kulikuwa kazi. Kukosa hakukuwa na mahali pa kukaa ndani yake.

Jeep ya kituo ilianza kuzimika mwanzo wa mvua. Ilizimika kwenye mteremko wa Fizi, ilizimika kwenye kizuizi mbele ya askari, ambao walidhani shofera anawadharau. Komite ikakubali aitwe Fundi. Akafunga balbu zake, akaketi. Siku kumi na moja alikwenda na kurudi na wagonjwa, na siku zote kumi na moja jeep ilikimbia vizuri kama mpya. Akishuka kwenda kula, inazimika.

"Gari inakuogopa, Fundi," alisema shofera, akilipiza lile la punda. "Tukuchore picha, tuitundike pale, itapona."

Mwenyekiti wa komite ya kituo ni mama mmoja mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, mwenye haraka, asiyelala kabla kazi haijaisha. Sote tunamwita Mama Prezida. Siku ya kumi na moja alimkuta Fundi ameketi ndani ya jeep uwanjani.

"Fundi, siku kumi na moja unatembezwa kama bwana arusi! Ile gari iko na nini?"

"Sijue bado, Mama Prezida."

"Bado mpaka wakati gani?"

"Mpaka izimike na mi niko ndani."

"Na muntu akifia ndani pamoja na we?"

Fundi aligeukia balbu zake. Kesho yake malaria ilimwangusha. Siku ya pili ya homa alitoka kitandani, akaja kituoni kwa miguu, akapanda ndani ya jeep akitetemeka, akashika dashibodi. Muuguzi na mimi tulimtoa. Maneno yake hayakuwa na mpangilio. Nakumbuka alikuwa ameshika koleo.

Jioni hiyo Mama Prezida alikuja kwangu.

"We si ni injeniere? Ile diploma ni ya kufungia sambusa?"

"Fundi hajamaliza, Mama."

"Fundi atamaliza mbinguni. Kesho banatungoya ku Lweba. Sitaki kujua utafanya nini. Nataka itembee."

Niliondoa balbu tatu. Nikavuta waya kutoka kwenye betri, nikaupitisha kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na miguu ya shofera, nikaweka kibonyezo chini ya usukani ili injini iweze kuzimwa (shofera alipokikuta asubuhi alidhani ni cha Fundi), nikaurudisha kwenye kizibo cha pampu. Direkti. Pale waya ulipokuwa mfupi niliunga kwa mkunjo wa Fundi, vizuri kabisa, kwa kuwa sijui kuunga namna nyingine. Kulipaswa kuwekwa fyuzi karibu na betri, ili waya ukigusana na chuma umeme ukatike pale badala ya waya kuwaka, na mpira kwenye lile tundu la bati. Sikuwa navyo jioni ile. Nilijiambia: kesho.

Sikusahau. Hapa ndipo watu wasioishi na kichwa kama changu hawanielewi. Niliifikiria ile fyuzi kila siku kwa wiki tatu. Niliifikiria nikila, nikioga, nikiandika idadi ya lita za mafuta. Nilijiona nikiwaka, niliona jeep ikiwaka, niliona sura za watu. Kuifikiria kulinipa hisia kwamba naishughulikia. Na jeep ilikuwa inakimbia vizuri, na Mama Prezida alinisifu mbele ya komite kwa kupanga safari vizuri, na kuitoa jeep barabarani ili niweke fyuzi kungekuwa kukiri kwamba sikuiweka.

Bati lilikula plastiki ya waya polepole. Kati ya Lweba na Baraka moshi ukajaa ndani ya jeep, shofera akasimama, akamtoa mama mmoja Mrundi wa kambi ya wakimbizi aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, akamlaza kwenye majani kando ya barabara, akarudi kurusha mchanga kwenye moto. Waya zote za mbele ziliteketea. Mama yule alijifungua palepale, wanawake waliokuwa wakitoka shambani wakamzunguka kwa vitenge vyao. Wote wawili wazima. Mtoto ana jina lake la ubatizo, lakini Baraka nzima inamwita Moshi, na kwa wiki moja mji ulicheka.

Halafu ukaacha kucheka ukauliza ni nani. Vijana wa maegesho waliitwa kutazama. Mmoja aliinua kipande cha waya kilichoungua, akakigeuza mwangani. Mkunjo ulikuwa mzima.

"Hii ni mukono ya Fundi. Hakuna mwengine."

Mama Prezida alinitazama. Alijua kwamba nilifanya kitu jioni ile, hakujua kitu gani, na hakutaka kujua. "Mi sikuuliza, we haukuniambia," alisema tulipobaki wawili. "Andika yenye inaonekana."

Niliandika kwa Kifaransa kizuri: kwamba kabla ya tukio umeme wa gari ulishughulikiwa kwa siku kumi na moja na fundi wa nje, kwamba kwenye waya ulioungua kulionekana aina ya kiungo anachotumia. Kweli tupu. Niliirekebisha mara nyingi, nikipima kila neno, nikihakikisha kwamba mbele ya Mungu hakuna hata moja litakaloweza kunishika. Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, mchungaji alisema waamini wenye magari wawe waangalifu na mafundi wanaowakabidhi maisha ya watu. Hakutaja jina. Vichwa viligeuka kuelekea benchi la mwisho. Kwaya ilipoanza, sauti ile mbovu haikusikika.

Baada ya wiki mbili karakana ilikuwa imefungwa. Nilijiambia amekasirika, na hasira ni jambo la kawaida, hasira hupoa. Lakini nilikuwa nimemwona ndani ya jeep siku ya homa, na koleo mkononi. Nilijua kwamba wakati ule hakuwa anajua yuko wapi. Na nilijua anachofanya na kosa lake.

Nilikaa na hilo miezi mitano. Nililigeuza kila upande. Ikiwa anajua ni mimi, mbona hakusema? Ikiwa hajui, nikimwambia nitamwongezea maumivu? Je, ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu? Nilikuwa na hoja nzuri za kila upande, na kila siku moja ilishinda nyingine, na mimi nilibaki nimeketi.

Mtu aliyerudi kutoka Ubwari, ng'ambo ya maji, ndiye aliyemwambia mama yangu, wakipimiana ndagala, dagaa wa ziwani, kwamba Fundi yuko kule kwa watoto wa marehemu dada yake, anachaji simu. Mama alishangaa. Fundi alikuwa hapandi mtumbwi. Watu wa ziwa walimcheka kwamba hata miguu hanawi ziwani. Na Ubwari upande ule hakuna gari hata moja.

Nilipanda boti ya asubuhi. Nilimkuta chini ya bati dogo, paneli moja ya jua juu, simu zimepangwa mbele yake kwenye ubao, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina. Kijana mmoja alikuwa anamwonyesha simu ambayo tundu lake la chaji limelegea.

"Itazame kidogo, Muzee."

"Peleka Baraka."

"Banasema ulikuwa fundi."

"Banasema."

Kijana akaondoka. Fundi akaniona.

"Injeniere. Ziwa ilikupitisha muzuri?"

"Muzuri, Fundi. We uko aje?"

"Muzima."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ndani ya boti, yenye utangulizi. Yote yalikimbia.

"Fundi, ile waya ya jeep ni mi niliiweka."

Aliendelea kupanga simu. "Waya gani?"

"Yenye iliungua. Direkti. We ulikuwa na homa."

"Mukunjo ilikuwa yangu. Nilienda kuiangalia. Niliishika."

"Ulinifundisha we."

Akaweka chini simu aliyoishika. Kisha akavuta mfuko kutoka chini ya kiti, akatoa waya mrefu, akaukata vipande viwili, akanipa pamoja na koleo. "Kunja."

Nilikunja mbele yake. Mkunjo ulitoka jinsi unavyotoka siku zote. Alichukua, akavuta kwa nguvu mara mbili, akaugeuza upande na upande, akautazama kwa muda mrefu kama mkunjo wa mtu asiyemjua.

"Ni hii," alisema.

Mama mmoja akaja kuchukua simu yake. Alimpa, akasalimiana naye, akamngoja aende.

"Miezi tano," alisema. "Mi nilijua kichwa imenitoka. Niko nakumbuka niliingia mu ile gari na koleo. Kufanya nini, sikumbuke. Nikaona mukunjo. Nikasema, kama mi naweza kuweka direkti, bila fyuzi, na nisikumbuke, hii mikono nitaipa tena gari ya nani? Ya mama mwenye mimba?"

"Nilikuwa nawaza kama uko unafikiri hivyo."

"Ulikuwa nawaza."

"Ndiyo, Fundi."

"Miezi tano yote ulikuwa nawaza."

Nilimwomba msamaha.

"Apana," alisema, bila kupandisha sauti. "Umekuya ju upate usingizi. Mi siko dawa ya usingizi." Akapanga tena simu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Nilidhani amemaliza nami. Kisha akauliza, na ni hapo tu uso wake ulipobadilika:

"Na ile kosa ya kwanza? Mulishaipata?"

"Waya zote zilibadilishwa, Fundi. Zilikuwa zimeungua."

"Kwa hiyo hakuna mwenye atajua."

"Hakuna."

"Siku ya mwisho mbele ya homa, kwenye kona ya mwisho ya mteremko wa Fizi, ampule ya pili, ile balbu ya nyuma ya funguo, ilipepesa. Mara moja. Injini haikuzimika. Sikuambia muntu. Mara moja si kitu. Nilikuwa nangoya ya pili." Alifunga mfuko wake wa vyombo. "Ulinichomea ile."

Nilikuwa nimekuja nikifikiri nimemwibia jina. Jina alikuwa hajalitaja hata mara moja. Nilimwuliza kama atarudi Baraka. Alisema boti haingojei mtu mmoja, niende.

Ndani ya boti nilianza, kama kawaida yangu, kuhesabu: mkataba wangu wa kituo ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule, mama hana mwingine wa kumtegemea, watu wangesema nimetumwa, Fundi mwenyewe hakuniomba kitu. Nilihesabu mpaka tukafika, na hesabu haikubadilisha chochote. Sasa watu wawili walikuwa wanajua ukweli, na mmoja wao alikuwa anachaji simu.

Jumatano nilimwendea Mama Prezida. Alinisikiliza akiwa amesimama, ufunguo wa duka mkononi.

"Ile mambo ilishazimika, mwanangu. Unataka kuiwasha ju ya nini?"

"Ju iko nawaka bado, Mama."

"Andika rapport ingine, mi nitaiweka mu kabati ya bureau."

"Hakuna mwenye ataisoma mu bureau. Nitasema kanisani, kwa matangazo."

"Utasema na mi nilikutuma?"

"Nitasema yenye mi nilifanya."

Aligeuza ufunguo mkononi. "Ukisema ile, siwezi kukuandikia mkataba. Unajua."

"Najua, Mama."

Niliandika tangazo mara tano. La kwanza lilikuwa kurasa mbili: homa ilikuwamo, haraka ya komite ilikuwamo, fyuzi ambayo sikuipata jioni ile ilikuwamo. Kila nilipoandika upya nilifuta sababu moja. La tano lilikuwa na mistari minne, na halikuwa kwa Kifaransa.

Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa na ya kazi ya kufagia uwanja, mwandishi wa kanisa aliniita jina. Nilisimama mbele. Shofera alikuwa upande wa wanaume, benchi la pili, na Mama Prezida mbele kabisa, ameinamisha kichwa kwenye Biblia yake. Nilitaja majina ya Fundi, yote matatu, kama yalivyo kwenye kadi yake, nikasema kwamba mtu huyu hakuweka waya ulioichoma jeep na kwamba kazi yake haikuwa na kosa. Kisha nikataja jina langu, nikasema ni mimi niliyeuweka, na ni mimi niliyeandika ili mufikiri ni yeye. Mtu mmoja nyuma alisema hajasikia vizuri. Nikasoma tena yote tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.